Kilo Zilishuka, Namba Ikapanda

Vijana watatu wa kanisani kwetu hapa Takoma Park wanasomea kazi ya kutoa wagonjwa damu ya vipimo, na tangu nistaafu hawajaniacha nipumue: Mzee Njagi, tuandikie. Haya, nimeandika. Msitafute humu habari za vyeo. Mtoa damu hana pa kupanda. Ukiwa hodari unabaki pale pale penye kiti chako, ila foleni inakufuata wewe. Yangu ilinifuata. Kliniki yetu ya watoto ilikuwa na viti vitatu vya kutolea damu, na akina mama wakiona changu kina mtu walisema watangoja. Wenzangu walinuna. Sikuwa na la kuwasaidia.

Shule niliiacha darasa la saba, Embu, na walimu hawakulia. Huku Amerika nilianza kwa kuegesha magari ya wageni kwenye hoteli moja Alexandria. Ndani ya basi, nikirudi nyumbani, nikaona tangazo la kozi ya kutoa damu. Walitaka cheti cha sekondari, nami nikakaa darasa la watu wazima hadi nikakipata, huku bado naegesha magari. Mtu aliyesoma hadi chuo kikuu alisukumwa na wazazi wake. Mimi nilijisukuma, na mteremko haukuwepo.

Siku ya kwanza kazini waliniletea msichana wa miaka tisa, mzito, mikono laini kama mito ya kitanda. Nikafunga mpira juu ya kiwiko, nikatazama mkono, nikautazama tena. Hakuna mshipa. Nikaugeuza. Hakuna. Yule mtoto akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Aliyeniokoa ni Bi Vernell, mwenzangu wa kiti cha jirani. Huyu alikuwa mama Mmarekani mweusi, mzaliwa wa jiji la Washington hasa, aliyejifunza Kiswahili darasani ujanani kwa mapenzi yake mwenyewe. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Changu, cha bara, kilimuumiza masikio.

"Hiyo mtoto haina mishipa," nilimnong'oneza.

"Huyo mtoto hana mishipa," akanirekebisha. "Na anayo. Fumba macho."

"Nifumbe?"

"Macho yako yanakudanganya. Mshipa wa mtoto mnene hauonekani, unaguswa. Weka kidole. Bonyeza, achia. Unatafuta kitu kinachorudi juu."

Nikafumba macho mbele ya mama wa mtoto, ambaye nadhani aliomba kimoyomoyo. Nikabonyeza, nikaachia. Chini kabisa, kitu kikarudi juu, kama tambi iliyoiva. Nikaingiza ile sindano ndogo yenye mabawa, damu ikaja. Nawaambia nyinyi vijana: sindano ni chuma tu. Chombo cha kazi hii ni ncha ya kidole cha shahada. Msikichome jikoni, msikikate na karatasi, na mkiwa safarini wakati wa baridi kifunikeni kabla ya masikio. Kifaa kingine ni kitambaa chenye joto, dakika chache juu ya mkono, na mtoto apewe maji anywe. Mtoto mwenye kiu mishipa yake hujificha hata mimi nikiitafuta, na nikisema hata mimi mnajua ninamaanisha nini.

Baadaye kliniki yetu ikaanza mpango wa watoto wenye uzito mkubwa kupita kiasi, na mimi nikapewa. Sikuomba. Daktari aliyeuongoza, Daktari Hollis, mama kijana anayeshikilia nywele zake kwa penseli, alitazama watoa damu wote wakifanya kazi asubuhi moja, kisha akasema, "Huyu." Hiyo ndiyo barua yangu ya sifa, neno moja.

Kila miezi kadhaa watoto wale walipimwa uzito, kiuno, halafu wakaja kwangu. Mimi nilitaka kujua kila kichupa kinakwenda kutafuta nini, maana sipendi kutuma mtu njia nisiyoijua. Sukari nilielewa. Mafuta nilielewa. Kulikuwa na kichupa cha kifuniko cha njano cha kupima kitu wanachokiita si-ar-pi, hicho sikukielewa, nikamwuliza Daktari Hollis.

Akavuta kiti. Akaniambia mafuta ya mwilini si mzigo uliolala tu, yana shughuli zake. Yakizidi sana, hasa ya tumboni, yanauchokoza mwili kana kwamba kuna mahali pameumia. Mwili unatuma askari wake, askari hawamkuti adui, na hawarudi kambini. Ini nalo linamwaga si-ar-pi kwenye damu, na sisi tunaiona kama namba. Kwa mtoto mzito namba inakuwa juu kidogo tu, lakini inakaa pale siku zote, miaka na miaka, na hicho kidogo cha kila siku kinachosha moyo na mishipa mapema.

"Na akipungua?" nikauliza.

"Mara nyingi inashuka pamoja na kilo. Si kwa kila mtoto, na si upesi kwa wote. Lakini nimeona watoto waliopungua kiasi cha kawaida tu, na damu yao ikatulia kabla ya kioo kuwaonyesha tofauti."

Hilo nililipenda. Niliwaambia watoto wengi: kioo kinachelewa, damu inatangulia.

Shida ilikuwa kuwaeleza wazazi wa kwetu. Neno la vitabuni la hali hiyo ni uvimbe. Sasa wewe mwambie mama kutoka Kisii au Goma kwamba mtoto wake ana uvimbe ndani ya damu, uone. Mama mmoja alikaa chini sakafuni. Alisikia saratani. Tangu hapo nikawa nasema joto la ndani, moto mdogo unaowaka bila moshi, na wakaelewa. Bi Vernell alisema si tafsiri sahihi. Nikamwambia usahihi uliokalisha mtu sakafuni nimeuacha kwa maprofesa. Alicheka, na nilifanya kazi naye miaka mingi bila kumwona akicheka mara nyingi.

Sasa niwaambie habari ya Mwenda, ambaye jina lake si Mwenda. Ameniruhusu kuandika kwa sharti kwamba nimpe jina la mwanaume mwenye safari, nami nimempa.

Aliletwa akiwa na miaka kumi na miwili. Wazazi wake ni watu wa Meru, majirani zetu kule nyumbani. Baba anafanya kazi ya maegesho Alexandria, kwa hiyo nilimheshimu mara moja. Mama anatunza wazee majumbani, hapa hapa Takoma Park, anawageuza, anawaosha, anawafunga vidonda vya mgongoni. Mama ndiye aliyemleta. Baba hakuona tatizo liko wapi.

"Mtoto mnene ni mtoto aliyetunzwa," aliniambia siku moja. "Akikonda, kanisani watauliza ana nini."

"Watauliza," nikakubali. "Wewe utawajibu."

Lakini Mwenda mwenyewe alikuwa amechoka kuvuta pumzi ngazini. Aliacha soda. Alishuka basi kituo kimoja kabla ya nyumbani akamalizia kwa miguu. Chapati zikawa mbili, kisha moja. Kila alipokuja kilo zilikuwa zimepungua, na namba ya joto la ndani ilikuwa imeshuka nayo, kidogo kidogo. Alikuwa akikaa kwenye kiti changu, ananyoosha mkono, anasema, "Anko, leo ni ngapi?" Nilimwambia damu haisomeki kwenye sindano, ingoje maabara. Maabara yetu iko ghorofa ya chini, na majibu yake hutoka kabla hujamaliza chai ya pili. Alingoja akitingisha mguu. Nimeona watu wazima wakingoja majibu ya kazi bila kujali kama yeye.

Ikaja Desemba, Mwenda ana miaka kumi na mitatu. Safari hii alikuja na baba yake. Amevaa koti refu, hataki kulivua, na anatembea kama mtu aliyebeba beseni la maji katikati ya miguu. Alipofika kwenye kiti akakaa pembeni kabisa, nusu ya nusu. Nikamtazama baba. Baba akatazama picha ya twiga ukutani.

Mimi si mtoto mdogo. Nyumbani kwetu mvulana akifika umri ule, likizo ya Desemba, anapashwa tohara, na akina baba wanamficha mpaka apone. Nilinyamaza nikatoa damu. Mkono wake ulikuwa na joto kuliko kawaida, lakini nesi alikuwa ameshampima homa akakuta hana. Mizani ilikuwa imesema kilo zimeshuka tena. Mwenda alikuwa anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Chai ya pili sikuimaliza. Daktari Hollis alitoka na majibu mkononi, penseli imeteremka kwenye nywele. Namba ilikuwa imepanda. Haikupanda kama ya mtoto aliyerudia soda, ilipanda kama nyumba inayowaka. Alishamwuliza baba: mtoto amekuwa mgonjwa hivi karibuni? Ana jino bovu? Kidonda? Amefanyiwa operesheni yoyote? Baba alijibu hapana kwa yote, kwa sauti ya mtu anayeapa mahakamani.

"Hii si ya mafuta," daktari akaniambia. "Kuna mahali pengine panaungua. Mista Njagi, wewe umemshika. Umeona chochote?"

Nilikuwa nimeona. Lakini pale mbele yangu alikuwa mwanamke, tena kijana kuliko binti yangu, na mimi nimelelewa wanakolelewa watu. Nikamwambia, "Nipe nafasi nizungumze na baba yake. Kisha mwulize tena."

Kabla sijatoka, Mwenda alinivuta mkono. Alikuwa amesikia.

"Anko, imepanda?"

"Imepanda."

"Kwa hiyo niliacha soda bure."

Hakulia. Alijivutia koti tu, akasema hatakuja tena, na sauti ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuamua. Hapo ndipo nilipoona kwamba tunaweza kumpoteza kwa njia mbili kwa mpigo.

Nikamkuta baba karibu na lifti.

"Baba Mwenda, kijana amekatwa lini?"

Akatazama mlango wa lifti kama vile ungefunguka umwokoe. "Umejuaje?"

"Mimi nimetoka wapi? Nimetembea vile mwenyewe."

"Basi nyamaza. Unajua haya hayasemwi mbele ya wanawake."

"Daktari amekuuliza kama amefanyiwa operesheni."

"Ameniuliza kama mtoto amefanyiwa operesheni. Ile si operesheni. Na yule si mtoto tena."

"Alikatwa na nani?"

"Daktari wa upasuaji, kule Columbia. Mwanaume."

"Alivaa glavu?"

"Si lazima avae?"

"Basi kwa huku hiyo ni operesheni, ndugu yangu. Kidonda kikoje?"

"Kinapona."

"Umekiona?"

"Kirimi ndiye anayekiona." Kirimi ni mdogo wake anayekaa huko huko Columbia, na Mwenda alikuwa amefichwa nyumbani kwake.

"Kirimi anafanya kazi gani?"

"Anaendesha lori."

Nikangoja ajisikie mwenyewe. Akajisikia. Ikatoka yote: daktari wa upasuaji alikuwa amesema arudishwe akaguliwe, Kirimi akaona haina haja. Bandeji ilitolewa mapema, kikaoshwa kwa maji ya chumvi, kikapakwa unga fulani ambao Kirimi aliuleta kutoka nyumbani kwenye chupa ya kahawa. Asubuhi hiyo Mwenda alikuwa amepewa vidonge vya maumivu ili aweze kutembea, na ndiyo maana homa haikuonekana.

"Mimi siwezi kumwambia yule mama daktari," akasema. "Nitaanzia wapi?"

"Huna haja ya kuanza. Damu haikujua kwamba daktari ni mwanamke. Imeshamwambia. Umebaki wewe tu."

Akaingia. Nilisimama mlangoni. Baba Mwenda, mtu wa futi sita, akaongea na kalenda ya ukutani.

"Daktari, kuna jambo dogo la kiume."

Daktari Hollis hakucheka na hakuandika kitu. Akasikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa kumwambia, akaita daktari mwanaume kutoka ghorofa ya chini, na yeye mwenyewe akatoka nje ya chumba. Kidonda kilikutwa kimeingia vijidudu upande mmoja. Si kikubwa, ila kingeachwa hadi wiki inayofuata kingekuwa habari nyingine. Akapewa dawa za kuua vijidudu na amri ya kusafishwa kila siku.

Kisha Daktari Hollis akarudi akakaa mbele ya Mwenda, si mbele ya baba. "Leo damu yako imepiga kelele kwa ajili ya kidonda," akamwambia. "Kelele hiyo imefunika mambo mengine yote. Kazi uliyofanya iko chini yake, siwezi kuiona leo. Kipone kwanza, ukae wiki kadhaa bila ugonjwa, ndipo urudi tuipime."

"Na kama haijashuka?"

"Nitakwambia ukweli."

Mwenda hakusema atarudi. Hakusema hatarudi.

Kesho yake simu yangu ikalia. Mama Mwenda.

"Shemeji," akasema, "hiyo dawa nimeiona kwenye simu ya mume wangu, duka limetuma ujumbe iko tayari. Dawa ya vijidudu vya nini?"

Nikamwambia amwulize mumewe.

"Nimeuliza. Ameniambia ni mambo ya wanaume. Shemeji, mimi nalipwa kufunga vidonda. Nafunga vya wazungu, nafunga vya weusi, nafunga vya mzee mmoja aliyekuwa jenerali. Cha mwanangu kimepewa dereva wa lori."

Akaniomba nimpeleke Columbia Jumamosi, ili Kirimi asimzuie mlangoni. Kirimi anaogopa watu wa umri wangu. Ana haki.

Kirimi alitupokea kwa uso mrefu, na Baba Mwenda alikuwa ametutangulia. Jikoni kulikuwa na sufuria ya supu ya mbuzi ya kumtosha mwanajeshi na farasi wake, maana kijana wa tohara kwetu hulishwa anone. Akaanza kulalamika kabla hatujakaa.

"Huyu kijana wenu ananitia aibu. Nampakulia, anarudisha nusu. Mwanaume gani anakunywa supu kama anaonja chumvi?"

Mama Mwenda akasimama na koti lake bado begani. "Anarudisha nusu?"

"Kila siku. Eti daktari wake."

Nilimwona mama akigeuza uso kuelekea dirishani. Kijana yuko kitandani, kidonda kinauma, namba imepanda, ameshasema ni bure, na bado anarudisha nusu.

Basi ikaja hoja ya kidonda. Kirimi akasema mama hawezi kuingia. Baba akasema hawezi. Nilitegemea vita. Mama Mwenda akapanda ngazi, akafika nje ya mlango wa chumba, akakaa kwenye ngazi ya juu kabisa.

"Siingii," akasema. "Baba Mwenda, ingia wewe. Umenawa?"

Baba akaingia, akafunga mlango, na mama akauegemeza mgongo. "Nimenawa," ikaja sauti kutoka ndani.

"Sikusikia maji."

Tukasikia maji.

"Hadi kwenye kiwiko. Glavu. Ule unga wa Kirimi, tupa chooni."

"Umetoka nyumbani huu," Kirimi akanong'ona kando yangu, chini ya ngazi.

"Nimemsikia Kirimi. Tupa chooni na umwage maji mara mbili. Haya, chukua kitambaa, lowesha, usisugue. Nimesema usisugue. Mwenda, anasugua?"

"Hasugui, Mama."

"Rangi ya pembeni ikoje? Nyekundu iliyoiva au nyekundu ya kawaida?"

"Iliyoiva itakuwa ipi?" akauliza baba.

"Kama nyanya ya pilau."

"Basi ni ya kawaida."

Mimi na Kirimi tulikunywa supu bila kutazamana. Watu wanaosema mila lazima ivunjwe hawakuwepo siku ile. Hakikuvunjwa kitu. Mama alirudi kila jioni baada ya zamu yake, akakaa kwenye ngazi ile ile akiuliza na kuamuru, na Baba Mwenda akawa mfungaji mzuri wa vidonda. Nilimwambia hivyo, akaringa. Sufuria nayo mama aliipunguza bila kuomba ruhusa ya mtu.

Wiki zikapita, baridi ikaanza kulegea, na asubuhi moja wakaingia kliniki wote watatu. Mwenda alitembea kama watu. Akakaa kwenye kiti changu mpaka nyuma, akanyoosha mkono, na hakuuliza ni ngapi. Hilo lilinitisha kuliko angeuliza. Nikatoa damu kwa mchomo mmoja, kama kawaida yangu, kikaenda kile kichupa cha kifuniko cha njano. Mama alikuwa anakunja na kukunjua skafu yake. Baba alitazama twiga.

Daktari Hollis akatoka. Akapita mbele ya wazazi, akamwonyesha Mwenda karatasi. Namba ilikuwa chini. Si chini ya ile ya Desemba tu, ilikuwa chini ya zote alizowahi kupata tangu aje kwetu.

Mwenda aliisoma, akaisoma tena. Kisha akamgeukia mama yake. "Mama, imeshuka."

Mama akakunja skafu. "Na hiyo nayo ni siri ya wanaume?"

"Hapana," akasema Baba Mwenda, na sasa alikuwa anamtazama daktari usoni. "Hiyo mwambie kila mtu."

Hakuwaambia watu wote, ila Jumapili nilikuwa nyuma yao wakati wa kutoka kanisani. Mama mmoja wa kwaya akamshika Mwenda bega, akamtazama juu hadi chini kwa huruma nyingi, akamwuliza Baba Mwenda kwa sauti ya msibani, "Mbona kijana amekonda hivi? Anaumwa nini?"

"Alikuwa anaumwa," Baba Mwenda akajibu. "Sasa amepona."